Mwongozo Kamili wa Kufufua Ruta Iliyokufa kwa TFTP, Waya wa Siriali na OpenWrt

Wasomaji wengi waliojaribu kuweka OpenWrt, mfumo huria wa Linux unaochukua nafasi ya programu ya mtengenezaji, kwenye ruta zao za nyumbani wameniandikia wakieleza mkasa ule ule: umeme ulikatika katikati ya kazi, au faili lililowekwa halikuwa lenyewe, na sasa taa zinawaka lakini mtandao hakuna, na fundi wa mtaani ameshauri ruta itupwe. Katika visa vingi kati ya hivyo ruta haikuwa imekufa. Ilikuwa imepoteza programu dhibiti yake tu, huku U-Boot, ile programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote, ikiwa bado hai na ikisubiri kuelekezwa.

Kinachowaangusha wasomaji si ugumu wa kazi. Ni kuandika kitu kipya ndani ya chipu kabla ya kusikiliza ruta yenyewe inasema nini. Kwa hiyo, ukiacha njia fupi ya Hatua ya 4, mwongozo huu umepangwa ili uandishi uje mwisho kabisa, baada ya kupima, kusikiliza na kuweka nakala.

Mfano wangu ni TP-Link TL-WR841N toleo la 13, yenye chipu ya MediaTek MT7628, flashi (kumbukumbu ya kudumu) ya megabaiti 8 na RAM (kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa) ya megabaiti 64. Utaratibu ni ule ule kwa ruta nyingine nyingi; hubadilika anwani za IP, majina ya faili na mahali pini zilipo.

## Vifaa vinavyohitajika

Usianze kabla ya kuwa navyo vyote mezani, maana kazi iliyoachwa nusu ndiyo inayozaa haraka, na haraka ndiyo inayoua bodi.

- Kompyuta yenye Linux na tundu la ethaneti. Amri zote humu ni za Debian na Ubuntu.
- Kebo ya ethaneti, na swichi ndogo ya mtandao. Wengi huiruka swichi. Nitaeleza kwa nini usiiruke.
- Adapta ya USB kwenda siriali ya volti 3.3, yenye chipu ya CP2102, FT232 au CH340. Ndiyo itakayokuonyesha maandishi ambayo ruta huyatoa kupitia nyaya.
- Nyaya tatu za jampa na pini za heda zenye nafasi ya milimita 2.54.
- Multimita. Ya bei nafuu inatosha.
- Pasi ya kulehemia yenye ncha nyembamba na waya wa risasi.
- Bisibisi, pamoja na kadi ya benki iliyokwisha muda kwa ajili ya kufungulia kasha.
- Chanzo cha umeme kisichokatika. Betri ya kompyuta mpakato hulinda upande mmoja tu. Ruta nayo iwekwe kwenye UPS ndogo ikiwa mtaa wako una mgawo.

Programu zinasakinishwa kwa amri moja:

    sudo apt install picocom dnsmasq-base tcpdump

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba adapta ya umeme si mgonjwa

Ruta inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache mara nyingi husingiziwa programu mbovu, kumbe tatizo ni adapta. Linganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta na zile zilizo chini ya ruta; ruta za nyumbani hutumia volti 5, 9 au 12, na vichwa vya adapta hizo hufanana kiasi cha kumdanganya hata mzoefu.

Kupima adapta ikiwa haijachomekwa kwenye ruta hakutoshi, kwa kuwa adapta iliyochoka huonyesha volti kamili ikiwa haina mzigo kisha huanguka pale redio ya Wi-Fi inapoanza kuvuta umeme. Jaribu adapta nyingine yenye vipimo sawa. Ruta ikiamka, kazi imekwisha na hukuhitaji kufungua kitu.

## Hatua ya 2: Jaribu hali ya dharura ya OpenWrt

Hatua hii inawahusu tu wale ambao OpenWrt ilikwisha kuingia, kisha wakaiharibu kwa mipangilio, kwa mfano kwa kufuta daraja la LAN au kuweka kanuni ya fayawoli iliyowafungia nje.

Ipe kompyuta anwani ya 192.168.1.2, chomeka kebo kwenye tundu mojawapo la LAN, washa ruta, na taa ikianza kupepesa wakati wa kuamka bonyeza kitufe cha riseti mara kadhaa. Taa ikianza kupepesa kwa kasi zaidi, umeingia. Kisha:

    ssh root@192.168.1.1
    firstboot -y && reboot -f

Katika hali hii SSH, yaani njia ya kuandika amri ndani ya ruta kutoka kompyuta, haihitaji nenosiri. Amri ya `firstboot` hufuta mipangilio yako yote na kuacha mfumo wenyewe ukiwa mzima, kwa sababu OpenWrt huhifadhi mfumo katika sehemu isiyoandikika na mabadiliko yako katika sehemu ya pembeni.

## Hatua ya 3: Tambua toleo na upakue faili sahihi

Hapa ndipo ruta nyingi huuawa. Jina la TL-WR841N limebebwa na vifaa tofauti kabisa kwa miaka mingi: toleo la 13 lina megabaiti 8 za flashi na 64 za RAM, lakini toleo la 14 lililolifuata lina megabaiti 4 na 32 tu. Namba ya toleo imeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta, mara nyingi kando ya neno «Ver». Usiikisie kutokana na rangi ya kasha wala idadi ya antena.

Ikiwa ruta yako ni ya megabaiti 4 na 32, mfululizo wa mwisho wa OpenWrt uliotolewa rasmi kwa ajili yake ni 19.07, ambao hautunzwi tena kiusalama. Ushauri wangu ni kuirudishia programu ya mtengenezaji au kuitumia kwa majaribio ya mezani tu. Kuilazimisha kubeba toleo jipya ni kujitafutia maudhi.

Kwenye tovuti ya OpenWrt utakuta faili kadhaa kwa kifaa kimoja, nazo si mapacha:

- tftp-recovery ni ya kupokelewa na U-Boot katika Hatua ya 4 kwa TFTP, yaani njia nyepesi ya kutuma faili kwenye mtandao.
- initramfs-kernel huendeshwa ndani ya RAM bila kugusa flashi. Hili ndilo faili la majaribio.
- factory ni ya kupandishwa kutoka ukurasa wa programu ya mtengenezaji.
- sysupgrade ni ya kupandishwa kutoka ndani ya OpenWrt inayofanya kazi.

Si kila kifaa kina aina zote nne. Pakua zile zilizopo kwa toleo lako hasa, kutoka toleo thabiti na si lile la majaribio ya kila siku, kwa kuwa la majaribio haliji na LuCI, yaani kurasa za kuendeshea ruta kwa kivinjari, na wasomaji kadhaa wamedhani ruta imekufa tena kwa sababu tu ukurasa haukufunguka.

Kisha hakiki kila faili:

    sha256sum *.bin

Namba ndefu itakayotoka ifanane na iliyochapishwa kando ya faili hilo mahali ulipolipakua. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Intaneti ya simu inayokatikakatika huacha faili pungufu lisilotoa dalili yoyote nyingine.

## Hatua ya 4: TFTP bila kufungua kasha

Ruta nyingi za TP-Link zina mlango wa uokoaji: ukishikilia kitufe cha riseti wakati wa kuwasha, U-Boot hutafuta kompyuta yenye anwani fulani na kuiomba faili lenye jina fulani. Kwa WR841N toleo la 13 anwani ni 192.168.0.225 na jina ni `tp_recovery.bin`. Matoleo mengine ya zamani hutumia 192.168.0.66 na majina yenye namba ya toleo ndani yake, kwa mfano `wr841nv9_tp_recovery.bin` kwa toleo la 9.

Andaa folda na faili:

    sudo mkdir -p /srv/tftp
    sudo cp *tftp-recovery.bin /srv/tftp/tp_recovery.bin
    sudo chmod 644 /srv/tftp/tp_recovery.bin

Zima Wi-Fi ya kompyuta na fayawoli kwa muda. Kisha ipe kadi ya ethaneti anwani, ukibadilisha `eth0` kwa jina halisi litakaloonyeshwa na amri ya `ip link`, na uwashe dnsmasq, programu itakayotuma faili:

    sudo ip addr flush dev eth0
    sudo ip addr add 192.168.0.225/24 dev eth0
    sudo dnsmasq --no-daemon --port=0 --interface=eth0 --enable-tftp --tftp-root=/srv/tftp

Sasa ile swichi. Ukiunganisha ruta na kompyuta moja kwa moja, kila unapozima ruta kompyuta huona kebo imekatika, na programu inayosimamia mtandao huweza kuifuta anwani uliyoiweka. Ukiwasha tena, kompyuta huchukua sekunde kadhaa kuitambua kebo, ilhali U-Boot husubiri muda mfupi mno. Ruta inaita, hakuna anayeitika, nayo inakata tamaa. Swichi ikikaa katikati, upande wa kompyuta hubaki hai wakati wote. Nadiriki kusema kwamba swichi hii peke yake imeokoa ruta nyingi zaidi ya waya wa siriali.

Fungua terminali ya pili ili uone kinachopita kwenye waya:

    sudo tcpdump -ni eth0 arp or port 69

Zima ruta, shikilia riseti, washa, na uendelee kushikilia mpaka terminali hii ionyeshe jambo. Mafanikio yana sura hii: kwanza ruta inauliza nani ana 192.168.0.225, kisha unatokea mstari wenye `RRQ` na jina la faili, na dnsmasq inatangaza kwamba faili limetumwa. Achia riseti, ondoa mikono, na usiguse umeme kwa dakika tano nzima. Ruta ikiamka, ipe kompyuta anwani ya 192.168.1.2 na uruke hadi Hatua ya 12.

Faida nyingine ya tcpdump ni kwamba hukusomea yale ambayo maelezo ya mtandaoni yamekosea. Ruta ikiuliza anwani tofauti na uliyoiweka, mpe anwani anayoitaka. Ikiomba jina tofauti la faili, badilisha jina. Huna haja ya kubahatisha wakati kifaa chenyewe kinakutajia.

Ikiwa baada ya majaribio matano hakuna paketi hata moja inayotoka kwenye ruta, ndipo unapofungua kasha.

## Hatua ya 5: Fungua na utafute pini za siriali

Chomoa umeme kabisa. Gusa chuma kilichozikwa ardhini au bomba la maji ili kuondoa umeme tuli mwilini. Tafuta skrubu chini ya vibandiko na raba za miguu. Zikiwa hazipo, kasha limeshikwa na vibanio vya plastiki, nayo kadi ya benki ndiyo inayovifungua bila kuacha makovu.

Kwenye bodi tafuta mashimo au vidoa vinne vilivyopangwa mstari mmoja, mara nyingine vikiandikwa GND (ardhi), RX (kupokea), TX (kutuma) na VCC (umeme), mara nyingine bila maandishi yoyote. Katika baadhi ya bodi vimetawanyika kama vidoa vya kupimia. Vitambue kwa multimita hivi:

GND. Ruta ikiwa imezimwa, weka multimita kwenye hali ya mlio, ncha moja kwenye chuma kinachofunika tundu la ethaneti. Kidoa kinacholia ni GND.

VCC. Washa ruta, pima volti za umeme mnyoofu kati ya GND na kila kidoa. Kinachokaa imara kwenye 3.3 tangu mwanzo bila kutikisika ni VCC. Kitie alama ili usikiguse tena.

TX. Kinachosimama karibu na 3.3 kisha kikayumbayumba katika sekunde za kwanza baada ya kuwasha ni TX, kwa sababu ruta inazungumza. Zima na uwashe mara tatu ili kujiridhisha.

RX. Ndicho kilichobaki. Huweza kuonyesha 3.3 iliyotulia au karibu na sifuri, kutegemea bodi, na ndiyo maana hutambuliwa kwa kuondoa wengine.

Onyo: ncha ya multimita ikiteleza na kuunganisha VCC na kidoa cha jirani, bodi inaweza kuungua papo hapo. Shika ncha ya GND kwa klipu ili ubaki na mkono mmoja tu wa kuangalia.

## Hatua ya 6: Lehemu na uunganishe

Lehemu pini za heda ukiwa umezima ruta. Pasha kidoa na pini kwa pamoja, kisha lisha risasi; sekunde mbili au tatu zinatosha, na ukizidisha kidoa kitabanduka. Kiungo kizuri hung'aa na kuwa na umbo la mlima mdogo wenye miteremko, si la mpira ulioketi juu ya pini.

Kabla ya kuunganisha, pima adapta yenyewe. Ichomeke kwenye USB peke yake na upime volti kati ya GND yake na TX yake. Lazima ipatikane karibu na 3.3. Ikipatikana 5, tafuta jampa ya kuishusha, na kama haina, usiitumie. Usiamini maandishi ya pini ya umeme, kwa kuwa kuna adapta zinazotoa volti 5 kwenye pini ya umeme na 3.3 kwenye ishara, na nyingine zinazofanya kinyume cha ulichotarajia. Mlango wa siriali wa kompyuta za zamani, ule wenye pini 9, usifikiriwe kabisa; volti zake zitaua chipu.

Nyaya ni tatu tu:

- GND ya adapta kwa GND ya ruta.
- TX ya adapta kwa RX ya ruta.
- RX ya adapta kwa TX ya ruta.

VCC haiunganishwi. Ruta inapata umeme wake kutoka kwa adapta yake ya ukutani, na kuiletea mwingine kutoka USB ni kukutanisha vyanzo viwili visivyolingana. Nililipa ada ya somo hili kwa bodi moja nzuri, usiku ambao nilidhani waya wa nne ungefanya muunganisho uwe imara zaidi.

## Hatua ya 7: Sikiliza

Chomeka adapta kwenye kompyuta na uulize imepewa jina gani:

    sudo dmesg | tail

Unatafuta `ttyUSB0`. Watumiaji wa Ubuntu 22.04 wenye chipu ya CH340 hukutana na kioja: jina hutokea kisha hupotea papo hapo. Anayelinyakua ni brltty, programu ya skrini za breli, ambayo huidhani adapta kuwa kifaa chake. Kama hakuna anayetumia breli kwenye kompyuta hiyo, iondoe kwa `sudo apt remove brltty`, kisha uchomeke adapta upya.

Fungua mlango, na ruta ikiwa bado imezimwa:

    sudo picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0

Washa ruta. Ukiona maneno yanayosomeka, umefika mahali ambapo wengi hawakuwahi kufika. Kutoka, bonyeza Ctrl-A kisha Ctrl-X.

Usipoona kitu, zima ruta, badilishana nyaya za TX na RX, ujaribu tena. Kosa hili haliharibu kitu katika volti 3.3. Bado kimya? Tenganisha adapta na ruta, unganisha TX na RX za adapta yenyewe, uandike herufi. Herufi zikirudi, adapta ni nzima na tatizo liko kwenye bodi: kiungo kibaya, au kipingamizi kidogo ambacho mtengenezaji alikiacha wazi makusudi kwenye njia ya TX au RX. Baadhi ya bodi za zamani za TP-Link huhitaji kipingamizi cha kiloomu 10 kati ya TX na VCC ndipo ziseme.

Ukiona takataka, yaani alama zisizosomeka, jaribu mwendo wa 57600, ambao ni wa kawaida kwa ruta nyingi za Ralink, kisha 38400 na 9600. Waya wa GND uliolegea nao hutoa takataka zile zile.

Ukiona maneno lakini huwezi kuandika, na unatumia minicom badala ya picocom, zima udhibiti wa mtiririko wa maunzi kwenye mipangilio yake. Kwa nyaya tatu hakuna anayeijibu ishara hiyo, hivyo minicom husubiri milele.

## Hatua ya 8: Soma kabla ya kutenda

Acha ruta iamke mpaka ikwame, kisha hifadhi maandishi yote kwenye faili. Mistari ya mwisho ndiyo inayokuambia ugonjwa.

`Bad Magic Number` au `Bad Data CRC` maana yake U-Boot ni mzima, lakini mahali ilipotarajia kukuta kiini cha Linux pana kitu kingine au kilichokatika. Hii ndiyo hali ya faili lisilo sahihi au umeme uliokatika, na inatibika.

`Kernel panic`, hasa ikifuatana na `Unable to mount root fs`, maana yake kiini kimeamka lakini mfumo wa faili haukuonekana. Inatibika kwa njia hiyo hiyo.

Maandishi yanayoanza upya kila mara katikati ya sentensi, kila mara mahali tofauti, yanarudisha shaka kwenye adapta ya umeme au kapasita zilizovimba.

Kimya kabisa, ilhali VCC ina 3.3 na adapta imejithibitisha, huenda U-Boot yenyewe imefutika. Hapo waya wa siriali hausaidii. Itabidi kusoma na kuandika chipu ya flashi moja kwa moja kwa klipu ya pini 8 na programu ya flashrom. Soma chipu mara mbili na ulinganishe nakala kabla ya kuandika chochote, na ujihadhari na vibao vyeusi vya CH341A, ambavyo hupeleka volti 5 kwenye njia za data hata kama umeme wa chipu ni 3.3.

## Hatua ya 9: Endesha OpenWrt ndani ya RAM

Katika ruta nyingi za MT7620 na MT7628, U-Boot huonyesha menyu yenye namba kwa sekunde chache. Namba 1 hupakia mfumo kwenye RAM kwa TFTP. Namba 2 hupakia na kuandika kwenye flashi. Namba 3 huamsha kawaida. Namba 4 hufungua mstari wa amri. Namba 9 huandika U-Boot mpya juu ya ile iliyopo.

Kidole kisikaribie 9. Ukimpa faili la mfumo mahali pa U-Boot, umegeuza ruta inayotibika kuwa ya klipu na flashrom.

Weka faili la initramfs kwenye `/srv/tftp` kwa jina fupi, mfano `ram.bin`, na uhakikishe dnsmasq bado inaendelea. Bonyeza 1 mara menyu inapotokea. Utaulizwa anwani ya ruta, anwani ya kompyuta na jina la faili. Majibu ya kujazwa tayari, ambayo mara nyingi huwa 10.10.10.123 na 10.10.10.3, yafute kwa kitufe cha kurudi nyuma kabla ya kuandika yako, la sivyo maandishi yako yataunganika nayo na kuwa anwani isiyo na maana. Weka 192.168.0.2 kwa ruta na 192.168.0.225 kwa kompyuta.

Mafanikio huonekana kama safu ya alama za `#` zinazoongezeka, kisha kiini kinaamka, na baada ya nusu dakika hivi mistari inatulia. Bonyeza Enter upate mstari wa amri wa OpenWrt. Herufi `T` zikijipanga badala ya `#`, faili halifiki: rudi kwenye fayawoli, Wi-Fi na anwani ya kompyuta.

Zingatia kwamba hakuna kilichoandikwa bado. Ukizima ruta sasa, itarudi ilivyokuwa.

## Hatua ya 10: Nakala kwanza

OpenWrt hutumia 192.168.1.1, hivyo badilisha anwani ya kompyuta kuwa 192.168.1.2 kabla ya kulalamika kwamba ruta haijibu. Kisha:

    ssh root@192.168.1.1 cat /proc/mtd

Utaona orodha ya vipande vya flashi. Kile chenye vipimo vya redio, kinachoitwa `factory`, `radio` au `art` kutegemea ruta, kina namba zilizopimwa kiwandani kwa ajili ya bodi hiyo moja duniani, na mara nyingi anwani yake ya MAC pia. Kikipotea, Wi-Fi itadhoofika au kukataa kuamka, na cha jirani yako hakiwezi kukifidia. Nakili kila kipande kwa namba yake:

    ssh root@192.168.1.1 "cat /dev/mtd0" > mtd0.bin

Rudia kwa mtd1, mtd2 na kuendelea, kisha linganisha ukubwa wa kila faili na orodha.

## Hatua ya 11: Andika

Sasa, na sasa tu, peleka faili la sysupgrade:

    scp -O *sysupgrade.bin root@192.168.1.1:/tmp/fw.bin
    ssh root@192.168.1.1 sysupgrade -n -v /tmp/fw.bin

Alama ya `-O` ni muhimu, kwa sababu tangu OpenSSH 9.0 ya mwaka 2022 amri ya scp hutumia itifaki ya SFTP, ambayo OpenWrt haiji nayo; bila alama hiyo utapata kosa la kuchanganya. Alama ya `-n` huzuia mipangilio ya zamani isibebwe. Sysupgrade ikikataa kwa kusema faili si la kifaa hiki, iamini, rudi Hatua ya 3, wala usitumie `-F` kuilazimisha.

Fuatilia kupitia siriali. Ruta itaandika, itajizima na kuamka. Mara ya kwanza huchelewa kwa kuwa inaandaa sehemu ya kuhifadhia mipangilio. Yeyote anayechomoa umeme hapa anaanza upya.

## Hatua ya 12: Washa Wi-Fi na ufunge kasha

OpenWrt huja na Wi-Fi ikiwa imezimwa, na hili nalo limewafanya watu waamini kazi imeshindikana. Ingia kwa SSH, weka nenosiri kwa `passwd`, kisha:

    uci set wireless.radio0.country='TZ'
    uci set wireless.radio0.disabled='0'
    uci set wireless.default_radio0.ssid='Nyumbani'
    uci set wireless.default_radio0.encryption='psk2'
    uci set wireless.default_radio0.key='weka-nenosiri-refu'
    uci commit wireless
    wifi reload

Alama ya nchi ni TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, UG kwa Uganda. Huamua chaneli na nguvu inayoruhusiwa, kwa hiyo usiikope ya nchi nyingine kwa tamaa ya masafa.

Zima ruta, subiri dakika moja, washa. Iamshe hivyo mara tatu kabla ya kufunga kasha. Chomoa nyaya za jampa lakini acha pini za heda mahali pake zikitosha chini ya mfuniko. Kwenye kibandiko cha chini andika kwa kalamu isiyofutika toleo la OpenWrt, tarehe, na mpangilio wa pini ulioupata, kisha hamishia zile nakala za mtd kwenye diski nyingine isiyo ya kompyuta hii.